Mgeni Aliyekaa Puani

Kichwa cha Eunike kilikuwa kinaelea juu ya meza ya daktari, kikizunguka polepole, na mwenye kichwa alikuwa ameketi kando akikitazama. Ngozi ilikuwa imeondolewa. Ilibaki mifupa myeupe ya mwanga, na ndani ya mifupa, pale ambapo kwa watu wengine pana hewa tupu, palikuwa na kitu cha kahawia kilichojaa mpaka pembeni.

"Haya ni mapango ya uso wako," alisema Daktari Ruwaida, akipitisha kidole katikati ya ile picha. "Mawili kwenye paji, mawili mashavuni, na haya madogo madogo baina ya macho. Yote yanatakiwa yawe matupu. Yako yamejaa kuvu na ute wake. Nimekusafisha mwaka juzi, nimekusafisha mwaka jana, na wenzangu walikusafisha mara mbili kabla yangu. Kila tukifagia, inarudi."

"Mgeni hafukuzwi kwa ufagio, Daktari."

Daktari Ruwaida hakucheka. Alikuwa mwanamke wa Unguja, sauti ya taratibu na mikono isiyotulia, na akinyamaza alimtisha Eunike kuliko akisema. Aliikuza picha. "Nisikilize, Bi Eunike. Mie sikufichi. Hapa, baina ya pango na jicho la kushoto, palikuwa na mfupa mwembamba kama ganda la yai. Mwaka jana ulikuwepo. Leo haupo. Juu yake kidogo upo mwengine kama huo, na nyuma ya huo ni ubongo."

Eunike alipatazama pale palipotoboka. Habari haikuwa ngeni kwake. Kwa miezi miwili alikuwa akiona taa moja kama mbili, na kila asubuhi alipenga ute mzito wa rangi ya siagi ya karanga.

"Viko vidonge," daktari aliendelea. "Kila chembe ya kuvu ina ukuta wake. Dawa hii inaizuia isiujenge, na isipoujenga inapasuka yenyewe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, miezi sita, bila ya kuruka hata siku moja. Ukimaliza, uso wako utakuwa mtupu kama ulivyozaliwa."

"Na sumukuvu ya mahindi, nitainusaje?"

"Hutainusa tena. Anayeinusa si wewe. Ni huyo mgeni wako."

Hilo nalo kijiji kizima cha Chamtwe kililijua. Mwaka wa manjano, mvua ziliponyesha wakati wa kuvuna badala ya wakati wa kupanda, mahindi yalivunda ghalani pasipo kuonekana kwa macho. Watu wakala. Macho yakageuka manjano, matumbo yakajaa maji, na kabla ya Krismasi walikuwa wamezikwa thelathini na mmoja, mmoja wao Naftali, kaka yake Eunike. Mwaka uliofuata watu wa maabara walikuja na kichupa chenye kuvu waliyoifuga wenyewe, binamu wa ile inayotengeneza sumu, ila yenyewe haina sumu. Wakauliza ni nani yuko tayari kuihifadhi puani. Ikishaota humo, hukasirika kila inapokutana na sumu ya binamu yake, hata iwe ndogo vipi, na mwenye pua huisikia hasira hiyo: harufu ya chuma kilicholowa, na chozi katika jicho. Mashine za kupima zilikuwepo mjini, na foleni yake ilikuwa wiki sita. Pua ilipima gunia kwa pumzi moja. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Eunike. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku aliyofika, na sasa alikuwa na miaka kumi na moja kazini.

"Naomba wiki tatu," Eunike alisema. "Mavuno ndiyo kwanza yanaingia ghalani. Yakishanuswa yote, nitameza hata ndoo nzima."

"Jicho halina wiki tatu."

"Basi nipunguzie dozi."

Daktari alikunja mikono, na kwa mara ya kwanza mikono hiyo ikatulia. "Hilo ndilo usilolifanya hata kama utasahau mengine yote. Ukimeza nusu, zile chembe dhaifu zinakufa, zile ngumu zinabaki, na watoto wao wote wanazaliwa wagumu. Dawa za zamani zilikufa hivyo hivyo. Watu walizipulizia mashambani miaka na miaka, mpaka kuvu zikazizoea kama sisi tulivyozoea chai. Iliyobaki ni hii. Na ukipiga chafya, Bi Eunike, hiyo kuvu ngumu haibaki kwako. Wanusaji mko kumi na saba wilaya nzima, na kila mmoja pua yake ni mlango ulio wazi."

"Utawaambia wa ghalani?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Utawaambia wewe."

Eunike alitikisa kichwa kukubali, akachukua mfuko wa dawa. Kutikisa kichwa hakuna kazi.

* * *

Hakuwaambia. Tusimwonee, hakuwa na roho mbaya. Alishuka garini akakuta mikokoteni imejipanga toka mlango wa ghala hadi kwenye mashine ya kusaga, na watu wakamsalimu "Mbukwa, mama" kwa nyuso za watu waliomngoja mwaka mzima. Ni nani angesimama mbele ya nyuso hizo akasema pua inafungwa?

Ila kosa alilolifanya asingelifanya mtu wa mjini. Mtu wa mjini angemeza vidonge vyote, au angevitupa vyote akaenda kuombewa. Eunike alikulia kwenye zizi. Baba yake alimfundisha kwamba kiangazi kikija kikali huuzi ng'ombe wote, wala huwabakishi wote. Unapunguza, ili majani yatoshe na mbegu isipotee. Basi akaamua kumpunguza mgeni. Kidonge cha asubuhi alikimeza. Cha jioni alikitia kwenye kopo la majani ya chai, akajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, akalala. Ni methali nzuri sana kwa ugomvi wa majirani. Kwa dawa haifai hata kidogo, lakini ni nani wa kumwambia, naye alikuwa peke yake na kopo lake?

Na mwanzoni mambo yalimwendea vizuri, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote. Kazi ilikwenda kama kawaida. Zefania Matonya, mtunza ghala, mwanamume mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, punje zikamiminika kwenye bakuli. Eunike alilisogeza bakuli puani, akavuta pumzi moja. Gunia likiwa jema aligonga mara moja kwa kiganja. Likiwa baya alilipiga mstari wa mkaa, nalo likaenda kwenye shimo la moto. Wiki ile ya kwanza alipiga mkaa magunia ishirini na mawili, na chozi lilimtoka kila mara, na mgeni alikuwa mzima.

Wakati huo huo uso ulianza kumlegea. Alilala chali bila kukabwa. Taa moja ikarudi kuwa moja. Asubuhi ya Jumapili, akifua, alisikia harufu ya sabuni, akasimama na nguo mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Miaka kumi na moja hakuwa amesikia harufu ya kitu chochote isipokuwa chuma kilicholowa. Alifurahi mpaka akaona aibu. Alizinusa kanga zake zote, moja baada ya nyingine.

Kila mnusaji ana kopo la shahidi. Ndani yake mna mahindi ya mwaka wa manjano yenyewe, yamefungwa kwa nta, na kabla ya kazi kuanza mnusaji hufungua, hunusa mbele ya mtunza ghala, na mgeni huamka. Ni desturi, na ni kipimo pia: pua isiyolia mbele ya shahidi haina kazi siku hiyo. Lakini shahidi huumiza. Maumivu yake hukaa kichwani saa mbili nzima, na Jumatatu ile, baada ya Jumapili tamu kama ile, Eunike hakuyataka.

"Leo tumwache huyu alale," alisema, akilisukuma kopo kando.

"Pua ya miaka kumi na moja inaamshwa ya nini, Mama Yona?" Zefania alisema. "Twende kazi. Watu ni wengi."

Jumanne hawakuulizana. Jumatano kopo lilikuwa limewekewa daftari juu yake.

* * *

Alhamisi ilikuwa zamu ya Loisi. Loisi alikuwa mjane wa Naftali, yaani wifi yake Eunike, na mwaka uliotangulia Eunike alikuwa amempigia mkaa magunia tisa kati ya kumi na matatu. Loisi alisimama akayatazama yakiungua, na mwaka mzima uliofuata alimsalimia wifi yake vizuri na hakumkaribisha ndani. Hakuna aliyemlaumu yeyote kati yao. Mmoja alikuwa na watoto wanne wa kulisha, na mwingine alikuwa na pua.

Safari hii alileta magunia kumi na manne. Zefania alichoma la kwanza, Eunike akanusa, akagonga. La pili akagonga. Kufika la tisa Loisi alikuwa amekaa chini, mtandio umefunika mdomo. Kumi na manne yote yakagongwa. Loisi akainuka akamkumbatia wifi yake pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na Eunike naye akalia, kwa kuwa alikuwa amelibeba lile jambo la mwaka jana kama jiwe kwenye kiatu.

Kisha, kwa desturi, wakaenda kufungua gunia. Gunia la kwanza la kila nyumba hupelekwa mashine siku hiyo hiyo, na tonge la kwanza la ugali wake huliwa na mnusaji mwenyewe, mbele ya wenye nyumba. Ndiyo dhamana yake. Haapi, hasaini, anakula.

Loisi alipika kwa mlenda. Watoto walikaa mkekani wamenawa mikono, wanamtazama shangazi yao. Eunike alimega tonge, akalichovya, akala, na ilikuwa tamu kuliko chakula chochote alichokikumbuka, kwa sababu alikisikia chote: mlenda na majivu yake, moshi wa kuni, na kutoka jikoni harufu ya ukoko ulioanza kuungua chini ya sufuria.

"Wifi, ukoko unaungua," alisema.

Loisi akacheka, akainuka kwenda kuepua. Watoto wakaanza kula. Eunike akabaki na tonge la pili mkononi.

Hakuna mnusaji anayesikia harufu ya ukoko. Mgeni hujaza nafasi yote. Hicho ndicho kitu cha kwanza watu wa maabara walichowaambia siku ya kichupa. Sabuni ya Jumapili alikuwa ameipokea kama zawadi. Sasa alielewa kwamba lilikuwa tangazo la msiba. Aliliweka tonge pembeni, akasema anarudi, akatoka. Hakukimbia, maana mtu mzima akikimbia kijijini watu humfuata kuuliza.

Zefania alikuwa anafagia ghala. Eunike aliondoa daftari, akabandua nta ya kopo, akaingiza uso wote. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Vumbi. Mahindi ya zamani na vumbi, basi. Jicho kavu.

"Mama Yona?" alisema Zefania, na ufagio ukasimama.

* * *

Daktari alipokea simu mlio wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemeza nusu," na hakuwa anauliza.

"Nusu, Daktari. Wiki mbili kasoro siku moja."

Eunike alikuwa amekaa juu ya mizani ya ghala, na Zefania alikuwa mbele yake, kwa hiyo wote wawili waliisikia sauti ile ya taratibu ikijitahidi ibaki ya taratibu. "Nikuulize la kazi kwanza. Pua ilifanya kazi mpaka lini?"

"Ijumaa ilikuwepo. Tangu Jumatatu sijui." Alilijua jibu la swali lililofuata kabla ya kuulizwa. "Magunia mia mbili na kumi na mawili. Nyumba kumi na tisa. Daktari, nikiacha vidonge kabisa, atarudi?"

"Siku kumi, kumi na mbili, atarudi. Atanusa vizuri tu. Lakini atakayerudi ni yule mgumu. Ukija tena kwangu nitakuwa nakupa chaki. Jicho litakwenda, na baada ya jicho..." Hakuimaliza sentensi. "Ukianza leo kumeza zote, asubuhi na jioni, bado tuna bahati. Wiki mbili si miezi. Tunaweza kumuwahi. Kesho kutwa sikuahidi kitu."

Simu ilipokatika Zefania alichuchumaa. Hakuwa mtu wa hila. Alikuwa amezika wadogo zake wawili mwaka wa manjano, na ghala lile ndilo lilikuwa maisha yake.

"Siku kumi," alisema. "Nitatangaza mizani imeharibika, magunia yote yarudi kupimwa uzito upya. Utayanusa kimya kimya. Mabaya tutayachoma, mazuri yatarudi. Hakuna atakayejua."

"Na jicho?"

Zefania alitazama chini. "Watu wakisikia pua ilikosea, mwakani ni nani ataleta gunia? Watarudi kula kwa kubahatisha. Unajua walizikwa wangapi. Na kosa si lako peke yako, mimi ndiye niliyesema kopo la nini." Aliinuka, akachukua ufagio, akaurudisha ukutani bila kuutumia. "Sikulazimishi. Nasema tu kwamba iko njia ambayo hakuna mtu wa kuumia."

Alipofika kwake Eunike alilitafakari neno hilo, hakuna mtu, na ikamchukua muda kuona kwamba katika hesabu ya Zefania yeye hakuwa mtu. Zefania hakusema kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe kwa miaka kumi na moja alikuwa amejihesabu hivyo, pua yenye miguu, na alikuwa amejivunia. Jua lilikuwa linazama alipofungua kopo la majani ya chai na kukuta vidonge kumi na viwili vimekaa humo vinamngoja. Alimeza kimoja. Halafu akaogopa sana, kwa kuwa alijua ameshaamua na bado hajamwambia mtu yeyote.

* * *

Ijumaa asubuhi alipanda juu ya mizani ili aonekane. Foleni ilikuwa ndefu kama siku zote, na wa Jumatatu mpaka Alhamisi nao walikuwa wameitwa. Alisema yote: jicho, vidonge, nusu dozi, sabuni, kopo, na siku kumi za daktari. Mtu mmoja nyuma alicheka akidhani ni utani, kisha akaona uso wa Zefania. Zefania alikuwa amevua kofia. Kumbe alikuwa na upara.

"Na kopo la shahidi," Zefania alisema, "mimi ndiye niliyemwambia aliache. Mwandike na kosa langu."

Eunike alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alikuwa ameyapanga kichwani, lipi litatoka kwa nani. Hayakuja. Watu waliikaribia mizani kwa upole, na upole huo hakuwa amejitayarisha nao.

"Pole, mama," alisema mzee mmoja mwenye mkokoteni. "Umeugua kwa ajili yetu. Lakini daktari amesema siku kumi, sivyo? Tutangoja siku kumi. Uache vidonge, pua irudi, utunusie, halafu twende wote kwa daktari. Tutachanga."

"Tutachanga," watu waliitikia.

"Nikimwamsha sasa, atakayeamka si yule," Eunike alisema. "Atakuwa hasikii dawa. Nikipiga chafya humu, nimempeleka kwa Damari, mnusaji wa kijiji cha pili, anayenyonyesha, na kwa wengine kumi na watano. Siku wakiugua kama mimi, hawatakuwa na kidonge cha kumeza."

"Hilo ni la kesho," alisema mwenye mkokoteni. "Njaa ni ya leo."

Hapo Loisi akapita mbele. Watu walimpisha. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Wifi," alisema. "Jana watoto walikula. Ulipoondoka walikula, na yule mdogo akakwangua sufuria. Mimi sijui nimewapa nini. Naftali alipoanza kuumwa alisema tumbo tu." Sauti yake haikupanda. "Nakuomba siku kumi. Nitakupikia, nitakufulia, nitalala mlangoni kwako. Siku kumi, wifi, nijue."

Katika watu wote wale, huyu ndiye aliyekuwa na haki ya kuomba, na Eunike aliona miguu yake ikitaka kukubali. Ingekuwa rahisi sana. Angesema ndiyo, wangembeba, na jicho lingetoka taratibu nyumbani kwake mwenyewe, bila mtu wa kumlaumu.

"Nimewatajia Damari," alisema. "Ni kweli kuhusu Damari. Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Jicho langu nalitaka. Nalitaka mimi. Pua niliitoa kwa mkono wangu, siku ile, pale pale ulipo, na sijutii. Jicho sikulitoa. Hakuna aliyeniuliza kama nalitoa, na leo mmeniuliza, nami nasema hapana."

Alitoa kidonge cha asubuhi kwenye fundo la kanga, akakimeza bila maji, na ilimbidi ameze mara tatu. Kisha akamkabidhi Zefania kopo la majani ya chai. "Vimo kumi na kimoja. Kila jioni nitakuja kumeza hapa, unione. Kama nilivyotakiwa kunusa mbele yako."

Mwenye mkokoteni alitema mate kando, akageuza punda wake. Wengine wakamfuata. Si wote, ila wengi, na hawakuwa wapole tena.

Waliobaki aliwaambia kile alichokuwa nacho, na alijua ni kidogo. Zefania achote kiganja kwa bambo katika kila gunia, vipelekwe mjini kwenye mashine, wiki sita. Mwenye uwele ale uwele. Mwenye viazi ale viazi. Asiye na chochote achambue mahindi yake kwa mkono kama bibi zao walivyofanya kabla pua haijaja, punje kwa punje, atoe zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi.

"Inamaliza sumu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Haimalizi. Inapunguza," Eunike alisema, na neno hilo lilimchoma kinywani.

Saa nne alikwenda kwa Loisi bila kuitwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Magunia kumi na manne yalikuwa barazani, la kwanza limelegea pale lilipochotwa. Alitandika turubai, akalimwaga hilo la kwanza, akapiga magoti na kuanza. Mwanga ulikuwa mkali na mzuri. Alishangaa jinsi alivyoziona punje wazi, kila moja peke yake, na ukingo wake, na kitovu chake cheusi. Ndani ya nyumba alisikia watoto wakinong'ona na mtu akiwanyamazisha.

Jua lilikuwa limefika utosini mlango ulipofunguliwa. Loisi alitoka na ungo, akakaa upande wa pili wa turubai. Hakumsalimu wala hakumtazama. Akachota, akapepeta, akaanza kuchagua. Walifanya kazi hivyo muda mrefu, kila mtu na fungu lake.

Kisha Loisi akanyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na punje moja, nzima, nono, yenye doa dogo la kijivu karibu na ncha, doa ambalo lingeweza kuwa vumbi.

"Hii?" aliuliza.

Eunike aliichukua. Aliigeuza juani. Kwa mazoea aliisogeza puani, na ikanukia mahindi.

"Sijui, wifi," alisema.

Loisi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke ndani. Kisha akaichukua punje mkononi mwa Eunike, akaitupa mbali, akainama kuchukua nyingine.